Kufifia kwa Miale na Dirisha la Picha katika CT: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mwaka kutoka kwa wanafunzi wa radiografia, madaktari walio katika mafunzo kazini, na wagonjwa wanaotaka kuelewa kilichomo kwenye bahasha waliyopewa. Majibu mengi yanarudi kwenye jambo moja: mashine ya CT, inayopiga eksirei kuzunguka mwili ili kupata picha za ndani mkato kwa mkato, hupima namba, na weusi au weupe unaouona kwenye skrini ni uamuzi wa mtu juu ya namba hizo. Aliyeitazama picha ya CT katika dirisha moja tu, yaani sehemu moja tu ya namba hizo, bado hajamaliza kuitazama.

## Miale inapopita mwilini

Kufifia kwa miale ni nini hasa?

Miale ya eksirei inapoingia mwilini, baadhi ya fotoni, yaani chembe za miale hiyo, hupenya hadi upande wa pili, nyingine humezwa na tishu, na nyingine hugonga elektroni zikatawanyika nje ya njia yake. Zilizomezwa na zilizotawanyika hazihesabiwi na vipokezi vya mashine. Upungufu huo ndio kufifia kwa miale.

Kila tishu ina kigezo chake cha kufifisha, kinachoandikwa kwa herufi ya Kigiriki μ. Kwa maji, katika nishati ya takriban keV 70 (keV ni kipimo cha nishati ya fotoni) ambayo iko karibu na wastani wa miale ya CT, μ ni kama 0.19 kwa kila sentimita. Kwa hiyo kila miale inapopita sentimita 3.6 za maji, hubaki nusu. Piga hesabu: kichwa chenye unene wa sentimita 18 kinaikata miale nusu mara tano, na hubaki fotoni 1 kati ya 32. Tumbo la mtu mnene lenye sentimita 36 linaikata nusu mara kumi, na hubaki 1 kati ya kama 1,000. Ndiyo sababu picha za tumbo la mtu mnene hujaa chengachenga hata mashine ikiwa nzima: fotoni zilizofika ni chache mno.

Kwa nini mfupa hufifisha miale kuliko misuli?

Kwanza kwa sababu mfupa umeshikamana zaidi, na elektroni zilizomo katika sentimita moja ya ujazo ni nyingi zaidi. Pili, na hili ndilo kubwa, kwa sababu ya kalsiamu. Umezaji wa fotoni hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha namba ya atomu, na hushuka kwa kasi kama hiyo nishati ya miale inapoongezeka. Oksijeni ina namba ya atomu 8, kalsiamu 20, ayodini 53, risasi 82. Ukizitazama namba hizo utaelewa kwa mpigo mmoja kwa nini mfupa ni mweupe, kwa nini dawa ya ayodini hung'aa kwenye mishipa, na kwa nini aproni ya kujikinga hutengenezwa kwa risasi.

Katika tishu laini, kinachotawala kwenye nishati za CT ni utawanyikaji, nao hutegemea zaidi wingi wa elektroni. Tishu laini zinakaribiana sana kwa hilo, ndiyo maana ni vigumu kuzitofautisha.

Eksirei ya kawaida nayo hutumia kufifia huko huko. CT imeongeza nini?

Eksirei ya kawaida hujumlisha kila kitu kilicho njiani: ngozi, ubavu, pafu, moyo, uti wa mgongo, vyote vimelaliana kwenye picha moja. CT hupima jumla hizo kutoka pembe nyingi kuzunguka mwili, kisha kompyuta hutafuta μ ya kila kisanduku kidogo cha ndani, yaani kila vokseli.

Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo hilo mwaka 1956 alipokuwa akisaidia idara ya mionzi ya hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Uingereza, Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI alifika mahali pale pale kwa njia yake mwenyewe, akaunda mashine. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Picha za mashine hiyo zilikuwa na pikseli 80 kwa 80. Leo kawaida ni 512 kwa 512. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979. Inafaa mwanafunzi wetu ajue kwamba sehemu ya msingi wa hesabu hizi ilifikiriwa katika hospitali ya Afrika.

## Namba za Hounsfield

Kizio cha Hounsfield, HU, hupatikanaje?

Thamani ya μ hubadilika kila nishati ya miale inapobadilika, hivyo si rahisi kuilinganisha kati ya mashine na mashine. Suluhisho lilikuwa kuipima kila tishu kwa kulinganisha na maji:

HU = 1000 × (μ ya tishu − μ ya maji) ÷ (μ ya maji − μ ya hewa)

Maji hupata 0 na hewa −1000. Tukichukua μ ya hewa kuwa karibu sifuri, tishu yenye μ 0.171 inapungukiwa na maji kwa asilimia 10, basi ni −100, na hayo ni mafuta. Mfupa wenye μ 0.38, mara mbili ya maji, ni +1000. Kizio 1 ni sehemu moja kati ya elfu ya μ ya maji.

Namba za kawaida za mwili ni zipi?

Mapafu yenye hewa huwa kati ya −900 na −700. Mafuta ni kati ya −120 na −50. Maji ya ubongo ni 0 hadi 15. Sehemu nyeupe ya ubongo iko 20 hadi 30 na ya kijivu 35 hadi 45. Misuli ni 40 hadi 60, ini bila dawa ya ayodini ni 50 hadi 65, na damu mpya iliyoganda ni 50 hadi 80. Mfupa wa ndani wenye vitundu huanzia mia kadhaa, na gamba gumu la mfupa hupita 1000.

Kati ya sehemu nyeupe na ya kijivu ya ubongo kuna vizio kama 10 tu, yaani tofauti ya asilimia moja. Shika namba hiyo. Tutaihitaji kwenye dirisha.

Ripoti yangu imeandika "haipodensi". Nina saratani?

Neno hilo halitaji ugonjwa. Linasema sehemu hiyo imefifisha miale kidogo kuliko tishu inayoizunguka, hivyo inaonekana nyeusi zaidi. Inaweza kuwa uvimbe wa maji usio na madhara, mafuta, usaha, sehemu iliyokosa damu, au kweli uvimbe mbaya. "Haipadensi" ni kinyume chake: imefifisha zaidi na inaonekana nyeupe, kama damu mpya, chokaa au chuma. "Aisodensi" ni sawa na jirani yake, na hiyo ndiyo inayotutesa sisi wasomaji wa picha, kwa sababu kitu kipo lakini hakijitengi. Sehemu ya ripoti inayobeba maana ya ugonjwa ni hitimisho la mwisho. Hilo ndilo la kumuuliza daktari wako.

Namba peke yake inaweza kutambua ugonjwa?

Mara chache, na ikiwa imepimwa vizuri. Uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo wenye HU 10 au chini katika picha isiyo na dawa kwa kawaida ni ule usio wa saratani, kwa sababu una mafuta ndani ya seli zake. Uvimbe wa figo ulio sawasawa ndani, wenye kuta nyembamba na HU kati ya 0 na 20, ni wa maji. Ini likishuka chini ya 40 bila dawa, fikiria mafuta kwenye ini. Jiwe la figo la asidi ya yuriki mara nyingi huwa chini ya 500, na la kalsiamu huwa juu zaidi.

Nje ya mifano ya aina hii, HU ni ushahidi mmoja kati ya mingi. Umbo, mahali, historia ya mgonjwa na jinsi sehemu inavyobadilika baada ya dawa vina uzito kuliko namba moja.

Nipimeje HU bila kujidanganya?

Chora duara ndani ya kitu, mbali na kingo zake, lenye ukubwa wa kutosha kuchukua pikseli nyingi. Soma wastani pamoja na mtawanyiko wa namba; mtawanyiko mkubwa maana yake chengachenga ni nyingi au umechanganya tishu mbili. Usipime kwa kuweka kishale kwenye pikseli moja.

Hatari kubwa ni kuchanganyika kwa ujazo. Ikiwa mkato una unene wa milimita 5 na uvimbe una milimita 4, kila vokseli imebeba uvimbe pamoja na jirani yake, na namba unayopata ni ya kati isiyo ya yeyote. Fungua mikato myembamba kabla ya kuandika namba kwenye ripoti.

Mashine mbili zimenipa namba tofauti kwa mgonjwa mmoja. Ipi imekosea?

Huenda hakuna. Maji yamewekwa kuwa 0 katika kila volteji, lakini vitu vyenye namba kubwa ya atomu husogea: ayodini na mfupa huwa na HU kubwa zaidi kwenye kV 80 au 100 kuliko kwenye 120. Ukubwa wa mgonjwa na namna picha ilivyoundwa huongeza tofauti ndogo. Ukitaka kujua kama mashine ina hitilafu, pima chombo cha maji cha majaribio. Kikitoka nje ya 0 kwa zaidi ya vizio 4 au 5, mwite mhandisi.

## Dirisha la picha

Dirisha ni nini, na kwa nini tunalihitaji?

Picha ya kawaida ya CT huhifadhi namba 4,096 tofauti, mara nyingi kutoka −1024 hadi 3071. Skrini ya kawaida ina ngazi 256 za kijivu, na jicho la binadamu hutofautisha chache kuliko hizo kwa mara moja. Ukizitandaza namba zote kutoka nyeusi hadi nyeupe, ule ubongo wenye tofauti ya vizio 10 unakuwa bonge la kijivu lisilo na habari. Ni sawa na kutafuta mtaa wa Kariakoo kwenye ramani ya nchi nzima: mtaa upo, lakini lazima ukuze. Dirisha huchagua sehemu ya namba na kuipa ngazi zote za kijivu. Kilicho chini ya dirisha kinakuwa cheusi kabisa, kilicho juu yake kinakuwa cheupe kabisa.

Upana na kitovu hufanya kazi gani?

Upana ni idadi ya vizio vilivyomo ndani ya dirisha. Kitovu ni namba inayopewa kijivu cha katikati. Mpaka wa chini ni kitovu ukitoa nusu ya upana, wa juu ni kitovu ukijumlisha nusu ya upana. Dirisha la ubongo lenye upana 80 na kitovu 40 huanzia 0 hadi 80. Vizio 10 vya ubongo vinachukua sehemu moja ya nane ya kijivu chote, na jicho linaona. Katika dirisha la mfupa lenye upana 2000, vizio hivyo ni sehemu moja ya mia mbili, na jicho halioni kitu.

Kupunguza upana huongeza utofauti wa rangi, lakini chengachenga nazo huongezeka. Kupandisha kitovu hutia giza picha yote, na wengi hushangaa, kwa sababu wanadhani kupandisha ni kuongeza mwanga.

Nianze na madirisha yapi?

Ubongo: upana 80, kitovu 40. Mapafu: 1500 na −600. Kati ya mapafu, pamoja na moyo na mishipa mikubwa: 350 hadi 400, kitovu 40 au 50. Tumbo: 400 na 50. Ini, ukitafuta uvimbe mdogo: 150, kitovu 30 hadi 60 bila dawa na juu zaidi baada ya dawa. Mfupa: 2000 na 500. Hospitali hutofautiana kidogo, na hakuna ubaya. Yazoee kwa vidole kwenye kibodi au kipanya, kisha uwe huru kuyasogeza.

Dirisha moja linaweza kuficha nini?

Mengi, na hapa ndipo wagonjwa wanapoumia. Chukua kijana aliyeanguka na boda boda. Picha ya kichwa inafunguliwa kwenye dirisha la ubongo, daktari anaona ubongo mzuri, anafunga.

Katika dirisha hilo, kila kilicho juu ya 80 ni cheupe. Fuvu lote ni ukanda mweupe mmoja, na ufa mwembamba unamezwa na weupe huo. Damu mpya iliyotandaa chini ya fuvu ina HU kama 70, karibu kabisa na mpaka wa juu, hivyo inaungana na mfupa na kuonekana kama fuvu limenenepa kidogo. Panua dirisha hadi 200 na kitovu 70, na damu inajitenga na mfupa mbele ya macho yako. Upande wa chini nako kuna mtego: kila kilicho chini ya 0 ni cheusi, kwa hiyo hewa na mafuta vinafanana. Vitone vyeusi karibu na ufa vinaweza kuwa hewa iliyoingia ndani ya fuvu, dalili kwamba mvunjiko umefungua njia hadi kwenye mwanzi wa pua au sikio. Ukienda kwenye dirisha la mapafu, mafuta yanabaki kijivu na hewa inabaki nyeusi.

Kifuani ni hivyo hivyo: dirisha la moyo hufuta vinundu vidogo vya mapafu, na dirisha la mapafu hugeuza tezi na moyo kuwa weupe mtupu. Tumboni, pitia dirisha la mapafu kila mara unaposhuku utumbo umetoboka. Hewa kidogo nje ya utumbo huonekana hapo kabla ya kuonekana kwingine kokote.

Kiharusi cha mapema kinatafutwaje?

Ubongo uliokosa damu hunyonya maji taratibu, na kila asilimia moja ya maji yanayoongezeka hushusha HU kwa vizio 2 hadi 3 tu. Bana dirisha hadi upana 40 au chini yake, kitovu 35 hadi 40, ukalinganishe kushoto na kulia. Hata hivyo picha ya saa za mwanzo inaweza kuwa safi kabisa. Kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha hakuna damu. Usimwambie mgonjwa aliyepooza upande mmoja kwamba hana kiharusi kwa sababu CT haijaonyesha kitu.

Kubadilisha dirisha ni kuchezea picha? Kunaongeza mionzi?

Hapana kwa yote mawili. Namba hubaki zilezile, na mgonjwa ameshatoka mashineni.

Dirisha la mfupa na picha iliyoundwa kwa ajili ya mfupa ni kitu kimoja?

Si kimoja. Wakati wa kuunda picha, kompyuta hutumia kichujio: laini kwa tishu laini, kikali kwa mfupa na mapafu. Kichujio kikali hunoa kingo na kuongeza chengachenga, na hubadilisha namba zenyewe. Dirisha hubadilisha mwonekano tu. Ukifungua picha laini kwenye dirisha la mfupa, nyufa nyembamba zinaweza bado kukupita. Omba seti iliyoundwa kwa kichujio cha mfupa. Na usipime HU ya ini kwenye picha ya kichujio kikali.

## Filamu, simu na faili

Nimepewa filamu tu. Inatosha?

Filamu ni dirisha lililogandishwa. Alichochagua mtaalamu siku ile ndicho utakachokiona milele, na mara nyingi ni mikato michache kati ya mamia. Omba CD au faili za DICOM, yaani faili za picha zenye namba zote, kabla hujaondoka hospitali, hasa kama unakwenda kutibiwa mkoa mwingine au nchi nyingine. Zikikosekana, omba angalau filamu zenye madirisha mawili.

Tunatumiana picha za skrini kwa WhatsApp. Kuna tatizo?

Picha ya skrini haina HU tena. Ina ngazi za kijivu zilizobanwa, mara nyingine zikiwa na mng'ao wa taa ya dari. Unayemuuliza hawezi kufungua dirisha jingine hata akitaka. Kama hali ni ya dharura na hakuna njia nyingine, rekodi video fupi ukipita mikato yote, kwanza katika dirisha la tishu, kisha la mfupa. Na funika jina na namba ya mgonjwa kabla ya kutuma. Hilo halina mjadala.

Nimesoma faili ya DICOM kwa programu yangu, lakini maji yanatoka kama 1024.

Namba iliyo kwenye faili bado haijawa HU. Izidishe kwa mteremko ulioandikwa kwenye lebo (0028,1053), kisha ujumlishe namba ya lebo (0028,1052), ambayo mara nyingi ni −1024. Lebo (0028,1050) na (0028,1051) zinabeba kitovu na upana vilivyopendekezwa. Angalia pia pembe za picha nje ya duara: baadhi ya mashine huzijaza namba iliyo chini sana ya −1000, nayo huvuruga wastani na grafu zako.

## Hali zisizo za kawaida

Damu mpya inaweza isiwe nyeupe?

Ndiyo, na katika hospitali zetu lisisahaulike. Weupe wa damu hutokana na protini ya chembe nyekundu. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, awe mwenye selimundu au mtoto aliyepigwa na malaria kali, anaweza kuvuja damu kichwani ikawa na rangi ileile ya ubongo. Hemoglobini ikiwa chini ya 10 (gramu kwa desilita), usitegemee weupe peke yake. Tafuta kusukumwa kwa ubongo na mikunjo iliyofutika. Damu ya zamani nayo hufifia: kati ya wiki ya kwanza na ya tatu hupita kwenye kijivu cha ubongo kabla ya kuwa nyeusi.

Mgonjwa ana chuma mguuni au nyongani. Picha itasomeka?

Chuma hukaribia kumaliza fotoni zote, na pande zake hutokea mistari myeusi na myeupe. Ongeza kV, tumia programu ya kupunguza athari za chuma kama mashine inayo, kisha panua dirisha hadi 3000 au 4000. Kingo za chuma na mfupa unaokigusa zitaanza kuonekana. HU zilizopimwa kando ya chuma usiziamini.

Ukanda mweusi kati ya mifupa ya masikio ni kiharusi cha shina la ubongo?

Mara nyingi sivyo. Mfupa mzito humeza kwanza fotoni dhaifu, miale inayobaki ina nguvu zaidi na hupenya kwa urahisi, na kompyuta hudhani tishu iliyoko kati ni nyepesi. Ukanda ulionyooka, unaounganisha mfupa na mfupa, ni wa kushukiwa kuwa kasoro hiyo. Mgonjwa mwenye dalili za shina la ubongo apelekwe MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku) kama ipo. Huko, tahadhari, namba za picha hazina kipimo kama HU.

Kijiti kimemchoma mtu jichoni, CT inaonyesha hewa tu.

Mti mkavu una hewa ndani yake na HU zake huwa chini sana ya maji. Katika dirisha la tishu laini huonekana mweusi kama hewa. Panua hadi 1000 na kitovu −500, uangalie umbo: hewa hujipenyeza ovyo, kijiti kina kingo zilizonyooka.

HU za CT ya meno zinaaminika?

Mashine za meno zenye mwale wa koni hutoa namba zinazofanana na HU, ila zimeathiriwa sana na utawanyikaji na ukubwa mdogo wa eneo lililopigwa. Zitumie kuona umbo na kupima urefu.

Dirisha linaathiri tiba ya mionzi?

Kompyuta ya kupanga tiba, kama zilizopo katika vituo vya saratani vya aina ya Ocean Road, Dar es Salaam, hugeuza HU kuwa wingi wa elektroni ili kukokotoa dozi. Hesabu hiyo hailijui dirisha. Lakini anayechora mpaka wa uvimbe huchora anachokiona, na uvimbe wa pafu huonekana mkubwa zaidi katika dirisha la mapafu kuliko katika dirisha la moyo. Kwa hiyo idara ikubaliane dirisha moja la kuchorea kila kiungo, na liandikwe kwenye mpango wa mgonjwa.